Mboga za Gari

Ngamiani, Tanga
7 Januari 2024

Mama mkwe wangu,

Shikamoo Mama. Natumaini baridi ya Mponde haijakuingia magotini.

Barua hii anakuletea mjukuu wako Angel mwenyewe, nimeitia mfuko wa ndani wa sweta lake. Najua simu unayo, lakini inashika mtandao kwenye baraza ya kanisa tu, na pale ukisema "haloo" kwaya nzima inaitikia. Habari za mtoto sitaki ziimbwe kwa sauti nne.

Mtoto hana nguvu, Mama. Mwaka jana wote mafua, kikohozi, mafindofindo, likitoka hili linaingia lile. Darasani kiti chake kilikuwa kitupu kuliko cha mwalimu mlevi. Daktari amesema hewa ya mlimani itamfaa. Na mimi tangu mwanao Nathanieli atangulie mbele ya haki, nashinda sokoni toka asubuhi mpaka magharibi. Namleta akae kwako mwaka huu, asome hapo darasa la pili.

Mlishe kama ulivyomlisha baba yake. Nathanieli alikuwa akijisifu kwamba hajui ladha ya kidonge mpaka aliposhuka Mombo na kuanza kula vya watu wa bondeni.

Tenga la mboga endelea kumpa Kassimu, konda wa basi, niuze kama kawaida. Barua yako iweke chini ya karoti, Kassimu ana macho marefu.

Mkweo,
Kibibi


Mponde
21 Januari 2024

Kibibi, mke wa mwanangu,

Marahaba. Onga mshi, kama tusemavyo Wasambaa, ingawa najua miaka yote hii hujajifunza kuitikia.

Mtoto amefika. Kwanza nikugombeze, halafu ndiyo tuzungumze. Umeniletea mtoto au ufito? Mtu anauza mboga soko zima linamjua, na mwanawe ana shingo kama kuku wa kideri! Mimi niliishia darasa la nne, lakini mtoto mwenye afya namjua kwa kumtazama kisigino.

Haya, usilie. Yuko kwangu sasa.

Nilijiandaa kabla hajafika. Ukuta wa mbele nimeupiga chokaa. Ile takataka ya nyuma ya jiko, mnavu na mchunga na majani ya maboga yaliyokuwa yanatambaa mpaka mlangoni, nimeing'oa yote nikampa mbuzi. Nimepanda maua, mbegu nimeomba kwa mke wa mchungaji. Mekundu na manjano. Mtoto wa Tanga asije akaamka asubuhi akaona magugu, akasema bibi yangu anaishi porini.

Na anakula. Asubuhi mkate wa dukani na chai nzito ya shamba letu. Mchana wali mweupe. Jioni chipsi, nimejifunza kukaanga, mafuta yameniunguza mkono. Jumapili soda. Juzi aliniomba karoti nilipokuwa napanga tenga, nikamwambia hapana mama, hizo za gari. Wewe ni mgeni wa heshima, kaa kitini. Hajalala na majani tumboni hata siku moja. Mwambie na yule shangazi yako Yusra. Yeye anajua kwa nini namtaja.

Karoti safari hii ni nzuri, usiziuze kwa huruma.

Mama yake Nathanieli


Ngamiani, Tanga
4 Februari 2024

Mama mkwe,

Shikamoo. Karoti zimefika, watu wamezigombea.

Pole na mkono. Mama, usigharimike na chipsi wala soda. Angel ni mtoto tu, chochote mnachokula wenyewe kinamtosha. Nathanieli alikuwa akinisimulia mnavu wako wa karanga, mate yanamtoka. Labda Angel naye angependa kuonja siku moja. Nasema labda tu. Wewe ndiye mlezi.

Sielewi habari ya shangazi Yusra. Kama kuna neno, niambie.

Mkweo,
Kibibi


Mponde
18 Februari 2024

Kibibi,

Nimekuelewa. Hukunificha kitu. "Chochote mnachokula wenyewe." Yaani sisi wenyewe, watu wa majani.

Unauliza habari ya shangazi yako? Siku tuliyoleta posa ya Nathanieli, nilishuka na tenga toka Mponde, nimelipakata kwenye basi kama mtoto mchanga. Juu nilipanga mnavu mbichi, nilioamka kuuchuma na umande wake, na majani ya maboga machanga, na fyulisi nimezifuta moja moja kwa kanga. Nilikuwa bado mlangoni navua viatu. Shangazi yako akafunua, akasema, "Jamani njooni, wametuletea malisho!" Nyumba nzima ikacheka. Mimi nikaingia, nikasalimia, nikala biriani yenu, nikasema tamu. Nathanieli sikumwambia mpaka nimemzika.

Kwa hiyo usiniambie nimwonjeshe mtoto mnavu. Siku atakayorudi kwenu hakuna atakayemuuliza kama kwa bibi yake alilishwa na mbuzi. Atakula mkate.

Njegere nimeongeza. Usimpe Yusra hata ganda.

Mama yake Nathanieli


Mponde
23 Juni 2024

Kibibi,

Tenga ni dogo wiki hii, usiulize. Ukungu umekaa siku nyingi, jua hatulijui.

Mtoto ana mafua kidogo. Kidogo. Usije, barabara ni mbaya.

Yudith


Ngamiani, Tanga
30 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Nakuuliza jambo na usinikasirikie.

Kassimu anasema alikuona kwenye geti la hospitali, umebeba chupa ya chai na umejifunika kanga mpaka puani. Alipokusalimia ukamwambia umemletea muuguzi kabichi. Mama, tangu nikujue hujawahi kufunika uso wako mbele ya mtu, hata msibani. Na kabichi haibebwi kwenye chupa ya chai.

Tena karoti za wiki iliyopita zilikuja na udongo. Wewe huoshi karoti kwa maji tu, unaziosha kwa kiburi. Zilipokuja na udongo nilijua kuna jambo.

Mwanangu yuko wapi? Nimempa Kassimu barua hii mkononi. Akirudi bila jibu, gari ya kesho yake naipanda mimi.

Kibibi


Mponde
2 Julai 2024

Kibibi mwanangu,

Sijakuita hivyo tangu uolewe. Leo nimekuita kwa sababu nina aibu, na mwenye aibu hana bei ya kupanga.

Angel alilazwa. Homa ya mapafu. Sasa ametoka, yuko hapa mlangoni, amekaa juani anagombana na kuku. Lisome hilo mara mbili kabla hujaendelea: yuko nyumbani, anapumua vizuri, na dawa anameza mbele ya macho yangu.

Umesoma? Basi sasa nitukane. Nangoja.

Ilianza na masika, kikohozi. Nikasema ni ukungu, atazoea. Kikapoa, kikarudi. Ukafika mwezi wa tano akawa akitoka shule anakaa kwenye jiwe la njiani, hawezi kumalizia kilima. Nikimfunua kope, ndani kweupe kama ganda la yai. Unajua nilifanya nini? Nikaongeza soda. Nilidhani ana hamu ya kwenu.

Asubuhi moja nikaona mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi. Nikamfunga mgongoni mpaka barabarani, Amiri wa pikipiki akatubeba wote wawili. Njia nzima nilikuwa namgombeza Amiri kwa mwendo wake, kumbe najigombeza.

Wodini wakamshughulikia vizuri, sindano, hewa, yote. Akatulia. Sasa ndiyo ikaja zamu yangu.

Muuguzi, kijana wa juzi tu, akaja na swali mbele ya kina mama wote. "Bibi, mtoto huyu huwa anakula nini nyumbani?"

Nikajibu haraka, "Mboga, mwanangu. Sisi huku ni watu wa mboga."

Kitanda cha pili alikuwepo Mama Edgar, wa umoja wetu wa wanawake, anamuuguza mjukuu. Akanitetea, maskini. "Huyu? Huyu ndiye Bibi Yudith! Karoti zake zinaliwa mpaka Tanga!"

Kijana akatabasamu, akamwinamia Angel. "Haya mrembo, niambie. Mboga gani ya bibi unaipenda zaidi?"

Mwanao akafikiri. Alikuwa hana hata sauti. Akasema, "Sijui. Mboga ni za gari."

"Za gari? Vipi?"

"Zinapanda basi. Sisi tunakula mkate."

Kibibi, wodi nzima ilinyamaza. Na wale wanawake wananijua. Mwaka jana nilisimama mbele yao kwenye umoja, nikawachamba wanaouza maziwa yote na kuwanywesha watoto chai ya rangi. Nilitaja na majina. Mama Edgar nilimtaja kwa jina, na akina Scholastica wawili, mkubwa na mdogo. Sasa wote walikuwa wanatazama shuka zao, hakuna aliyenitazama mimi. Siku ya posa nilipigwa na kicheko. Kicheko afadhali, unaweza kukirudishia. Kimya unakirudishia nini?

Yule kijana hakunigombeza. Angenigombeza ningemjibu, unanijua. Alivuta kiti akakaa chini kuliko mimi. Akasema homa kama hii inaweza kumpata mtoto yeyote, lakini huyu damu imepungua, na mwili ukikosa chakula cha namna nyingi kinga yake inalegea, kila kinachopita njiani kinaingia ndani. Eti mwilini kuna askari, wanataka kulishwa kila siku. Majani ya kijani. Vya manjano, karoti, boga, maembe, fyulisi zikiwepo. Maharage, karanga, matunda. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi askari hao nimewalisha biskuti." Akageuka ukutani ili asicheke.

Nikamuuliza basi ni jani gani hasa ni dawa, nikalichume leo. Akasema hakuna jani la miujiza. Mboga haichukui nafasi ya sindano, dawa lazima zimalizwe. Mboga ni za kila siku, mtu akiwa mzima, ili ugonjwa ukija ukute nyumba ina mlango. Na mengine yakafuata, mimi nimetoa macho tu. Magadi nisitie kwenye mboga. Nisiichemshe mpaka ikakata roho. Limau nikamulie juu. Na chai mtoto asinywe pamoja na chakula, inazuia mwili kuchukua kile kinachotengeneza damu. Chai! Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, na chupa ya chai nimeipakata.

Siku ya kutoka nikamleta nyumbani, nikaenda nyuma ya jiko kumchumia mnavu. Nikakuta maua, Kibibi. Mekundu na manjano, yamestawi kweli. Hakuna jani hata moja la kutia sufuriani. Za shambani zilikuwa zimepigwa dawa ya wadudu, za gari hizo, hazigusiki mpaka siku zake zipite. Mimi Yudith, nimezungukwa na mboga mpaka upeo wa macho, nimesimama na sufuria tupu.

Jioni Mama Edgar akaja na bakuli limefunikwa. Mnavu wa karanga. Nilipokea kwa mikono miwili. Nimepokea mnavu wa kupewa, Kibibi. Mnavu! Mtoto akala mpaka akalamba bakuli, akaniuliza, "Bibi, hii ndiyo ya gari?"

Kassimu nilimdanganya. Wewe nilikudanganya. Mafua kidogo, niliandika hivyo na mtoto yuko kwenye mpira wa hewa. Nilikaa na kalamu nikaona nikiandika ukweli, nyumba yenu itacheka mara ya pili.

Sikuombi kitu. Ukitaka kumchukua, njoo umchukue. Sitakuzuia, wala sitakusindikiza.

Yudith


Nyumbani kwako, mezani kwako
6 Julai 2024

Mama,

Nimekuja. Hukuwepo. Nimemuuliza Angel, akasema, "Bibi yuko kwenye chai."

Nimesimama mlangoni nikakiona kilemba chako chekundu katikati ya mistari ya chai. Kinachomoza, kinazama. Nimekuita, kikazama kabisa. Nikasema labda hajasikia, ana kazi. Lakini kikapu chako cha kuchumia, Mama, kiko hapa miguuni pangu. Mtu hachumi chai bila kikapu.

Sikukufuata. Nilikuja na maneno makali toka Tanga, nimeyapanga njia nzima, barabara ya Soni yote niliimaliza nikikusema. Nilipokiona kile kilemba yakaniishia. Nimekaa mezani kwako naandika, na Angel ananisomea kwa sauti kila neno nikimruhusu. Hili linalofuata simruhusu.

Daktari hakusema hewa ya mlimani.

Alisema mboga. Aliniambia neno kwa neno kama kijana wako: mtoto hali majani, hali matunda, anaishi kwa viazi vya kukaanga na juisi za pakiti. Akaniuliza, "Mama unafanya kazi gani?" Nikamwambia nauza nguo. Mimi, Kibibi wa karoti, harufu ya kitunguu mikononi, nikasema nauza nguo. Kwa sababu ningesema nauza mboga angeniuliza swali la pili, na hilo sikuwa na jibu lake. Jibu ni kwamba nilikuwa nafunga kibanda sina miguu, namnunulia chipsi za Khalfani pale kona, na zilizobaki sokoni nawauzia wenye mabanda ya chakula kwa bei ya kutupa kuliko kurudi nazo nyumbani nikapike.

Ndiyo maana niliandika "mlishe kama ulivyomlisha baba yake." Nilidhani utajua mwenyewe, mimi nisitaje. Barua yako ya maua ilipofika nilikaa nayo chini. Nilijua siku ileile. Kalamu ilikuwa mkononi. Ningeandika mstari mmoja tu: Mama, using'oe mnavu, ndio niliomleta mtoto kwa ajili yake. Nikaandika "usigharimike." Ulinikuta nimeficha, ukaficha na wewe, na mtoto akakaa katikati anakohoa.

Habari ya posa sikuijua. Siku ile nilikuwa chumba cha ndani napakwa hina. Shangazi Yusra nimemuuliza wiki hii, hakukana. Ila kuna kipande hujaambiwa: ulipoondoka, nusu ya tenga aliibeba kwake. Mpaka leo akipita kibandani huuliza, "Ile mboga ya watu wa malisho haijaja?" Nilikuwa sijui anasema nini. Simtetei. Nimemwambia akuombe radhi, akasema aibu imemshika. Basi naona ni ugonjwa wetu sote.

Nilikuja na begi tupu la kuchukulia nguo za mtoto. Angel amesema hataki, kuna kuku anayemdai. Pia bado anachoka, sikupenda kumpandisha basi leo. Begi nimelitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Ukiona huwezi, lijaze nguo zake umpe Kassimu pamoja na mtoto, nitampokea stendi na sitasema neno. Sitaki tena mtoto wangu akae mahali ambapo watu wazima wanaona haya kusema anaumwa.

Ukitoka kwenye chai uoshe miguu, kuna umande.

Mkweo,
Kibibi


Mponde
25 Agosti 2024

Mwanangu Kibibi,

Onga mshi.

Nilitoka kwenye chai basi lilipopiga honi pale kona. Magoti yangu hayajasahau. Usiniulize nilikuwa nawaza nini mle ndani, mwanamke mzima na wajukuu. Nilikuona ukiosha vyombo vyangu. Hilo liliniuma kuliko ungevivunja.

Barua yako niliisoma, nikaiweka kwenye Biblia, nikaitoa, nikaisoma tena. Ulisema unauza nguo! Nilicheka peke yangu mpaka Angel akaja kunitazama. Kisha sikucheka. Sikugombezi. Kwa mara ya kwanza sina pa kusimama nikakugombeza, na jambo hilo limenichosha sana.

Maua nimeyang'oa. Mke wa mchungaji amepita, akauliza, "Bibi, maua yangu yako wapi?" Nikamwambia yametangulia.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilimfanya mjukuu wangu, damu ya mwanangu, awe mgeni toka Januari. Nilimkalisha kitini, nikamnyima karoti kwa heshima. Kwa hiyo alipopata nguvu nilimtolea jembe la baba yake, lile la utotoni, nimelitia mpini mpya. Nikamwambia, "Shika. Hapa palikuwa na mnavu, mimi nikautoa. Urudishe." Akaniuliza, "Mimi si mgeni tena?" Nikamjibu mgeni ni wewe, jembe anashika nani? Akalima kipande cha kutosha mbuzi kulala, akaanza kudai soda. Hakupata. Alinuna mpaka jioni.

Tumepanda mnavu na mchicha na maboga, na kitalu cha karoti zetu za ndani, hazipigwi dawa, hazipandi gari. Mchunga umeota wenyewe, wenyewe hauna kinyongo. Napika kama yule kijana alivyosema. Mnavu bila magadi ni mchungu kama ukweli, lakini karanga na limau vinaushusha. Nikipika, Angel anasimama na kijiko: "Bibi epua, inakata roho!" Chai tunakunywa baadaye, tumeshamaliza kula, kila mtu anaitazama birika kama mdeni.

Nilimrudisha kupimwa damu. Imepanda, haijafika panapotakiwa. Kijana akasema tuendelee. Mafua yalimpata tena wiki ya mwanzo ya mwezi huu, sikufichi. Alikohoa, tukaenda hospitali siku ileile na uso wangu wazi, akaambiwa ni mafua tu, yakaenda. Kilima cha shule anakimaliza. Kile kijiwe cha njiani sasa anakikalia kusubiri wenzake.

Bakuli la Mama Edgar lilikaa rafuni kwangu muda wote huo. Bakuli halirudi tupu, na sikuwa na cha kutia. Nilikuwa nikipita njia ya juu nisikutane naye. Mnavu ulipofaa kuchumwa, wa kwanza kabisa tuliutia mle bakulini, nikampelekea mwenyewe. Nikamwambia mbele ya mumewe, "Mwaka jana nilikutaja kwa ajili ya maziwa. Mwaka huu nitaje wewe." Akasema, "Bibi Yudith, kaa tule." Tukala. Kwa Scholastica wote wawili bado sijaenda. Mmoja mmoja. Aibu hii haijaniisha, nakuambia kweli, nikipita getini pa hospitali masikio yanapata moto. Lakini napita.

Sasa begi. Nilikuwa nalitazama kila nikifunga mlango. Leo asubuhi nimelishusha, Angel akaniona, akakimbia kujificha kwenye chai. Kwenye chai, Kibibi! Nikamwita, "Toka huko, hiyo ni tabia ya bibi yako!"

Nimelijaza. Nguo za mtoto usizitafute, ziko kwenye kamba zinakauka. Humo ndani ni mnavu na majani ya maboga na karoti za ndani, bado changa, amechuma yeye, kwa hiyo na magugu mawili matatu yamo, yatoe kimyakimya. Si ya kuuza. Nasema si ya kuuza. Fungu lililofungwa kwa kamba ya mgomba mpelekee shangazi Yusra, mwambie malisho yamefika, na fungu linalofuata aje alichume mwenyewe. Yaliyobaki ni yako. Funga kibanda mapema, upike, ukae chini, ule. Umekonda wewe, nilikuona toka kwenye chai.

Tenga la kuuza liko pembeni kama kawaida, karoti nimeziosha. Barua hii sikuiweka chini yake. Iko juu ya mnavu, haina hata bahasha. Kassimu akitaka asome.

Mama yako,
Yudith